Gogo la Mpingo na Sanduku la Bati

Manzese,
Dar es Salaam.
27 Februari 1975

Mpendwa Dada yangu, Sista Yuliana,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini umeitikia kabla hujaendelea kusoma, maana nakujua. Shikamoo dada. Habari za huko Kusini, habari za masista wenzako, na goti la Mama Mkuu limepoa? Sie huku hatujambo, kwa kadiri wanavyoweza kuwa hawajambo watu wanaokula unga wa njano, huu ambao mjini wameupa jina la Yanga. Watoto wazima. Yule wa mwisho surua ilimshika mwezi wa kwanza lakini Mungu kamponya, sasa anakimbia uchi mtaa mzima na mie nyuma yake na kaptula mkononi. Shemeji yako Alfonsi naye mzima, tena mno. Angekuwa anaumwa hata kidogo angelala, nami ningepumzika.

Barua yako ya Epifania niliipata, imekuja kwa jina la Alfonsi kama kawaida yako. Umeniuliza tena, sijui ni mara ya ngapi, lile sanduku langu la bati nililoliacha stoo kwenu ule mwaka wa Uhuru mlifanye nini, kwa kuwa stoo inavuja na Mama Mkuu anataka nafasi. Kila mwaka nimekujibu mlichome, na kila mwaka hamlichomi. Safari hii jibu nitakupa mwisho. Kwanza acha nitoe ya moyoni, dada, maana yamenifika hapa kooni. Nimechoka na wito. Sisemi wito wako, huo umekaa vizuri na umevaa shela. Nasema wito wa humu ndani ya nyumba yangu.

Unamkumbuka Alfonsi alivyokuwa, yule kijana fundi aliyekuja kutengeneza mabenchi ya kanisa, mpole, mikono mikubwa, ukaniambia ana macho ya mtu mkweli. Miaka kumi na miwili nimeishi na macho hayo. Nilipoolewa nilimwambia sharti moja tu: nyumbani kwangu mtu asinitajie mie neno wito. Nilikuwa mkandidati utawani, naandaliwa usista, nikatoka kwa ugonjwa wa kifua, basi, yamekwisha. Akakubali. Tukaja Dar es Salaam, tukajenga hapa Manzese vyumba viwili vya udongo na bati, akaanza kuchonga mpingo kibandani karibu na barabara ya Morogoro pamoja na Mwishehe, Mzaramo mmoja jirani yetu, mcheshi, mwenye maneno mengi kuliko vinyago vyake. Alfonsi alikuwa akichonga mashetani, vile vinyago vya mikono mitano na jicho moja, na Wazungu walikuwa wakivigombania. Tukala, tukavaa.

Mwaka jana mwezi wa saba akaenda mafungo ya siku tatu parokiani. Akarudi, akakaa kwenye kigoda, akatangaza kwamba hatachonga tena shetani. Nikamwuliza sasa atachonga nini. Akasema Mtakatifu Yosefu. Dada, alimchonga Mtakatifu Yosefu mwenye chale usoni kama wazee wa kwao! Kazi nzuri, sikatai, hata mie nilitaka kumwamkia. Lakini nani anunue? Wazungu hawataki Mtakatifu Yosefu, kwao wanaye. Wakapita wima, wakaenda upande wa pili wa kibanda kwa Mwishehe kununua mashetani, na Mwishehe mwenyewe anachonga kwa haraka mpaka wengine wanatoka bila shingo.

Ikabidi vitumbua vyangu vituvushe. Na vitumbua navyo, mchele leo upo kesho haupo, sukari ndiyo usiiulize. Juu ya hayo nina mzigo mwingine ambao sikuutafuta. Wanawake wa mtaa huu wamejua kwamba nasoma, basi kila mwenye barua kutoka kwao anakuja nimsomee. Leo huyu, kesho yule, nami nina mafuta jikoni. Mwaka jana mwezi wa sita nikashikwa na hasira, nikamwambia Chausiku, mke wa Mwishehe, kwamba sitamsomea tena barua za mama yake, akae chini ajifunze mwenyewe, si mchawi aliyeandika. Nikampa kipande cha mkaa, nikamchorea herufi sakafuni. Nilifanya hivyo ili aniondokee. Badala ya kuondoka akaleta wenzake. Sasa wako kumi na mmoja, Waislamu na Wakristo, wanakuja kila siku saa kumi na mikaa yao, wananichafulia sakafu, wanakanyaga mkeka wangu, na nikiwafokea wanacheka. Chausiku sasa anamwandikia mama yake mwenyewe. Anaandika kama kuku anaparua, lakini anaandika.

Paroko wetu, Padri Adelard, aliwahi kupita siku moja nikiwa namfokea mmoja wao kwa kuruka mstari. Alisimama mlangoni kitambo, akakataa maji, akaenda zake. Tangu hapo mara mbili amenisimamisha baada ya misa akitaka kuzungumza. Mara zote mbili nilimwambia nimeacha vitumbua jikoni.

Sasa sikiliza. Mwezi wa kumi Padri akamwita Alfonsi nyumbani kwake. Akarudi kimya. Unajua wenyewe wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Basi mshindo ukaja wakati wa ugali. Akasema kuna kijiji kipya cha ujamaa ng'ambo ya Kigamboni, watu wametoka kila pembe, wana kisima, wana mihogo, lakini hawana mwalimu wa dini, na kwamba Mungu anaita. Nikamwuliza anamwita nani. Akala tonge mbili kwanza, ndipo akasema anamwita yeye.

Jamani! Alfonsi akasome katekisimu mbele ya watu? Alfonsi ninayempenda, lakini kusoma kwake ni kama mtu anayevuka mto kwa kurukia mawe: anasimama hapa, anatafuta pengine pa kukanyaga. Maandiko yote aliyo nayo kichwani nimeyatia mie, jioni akipiga msasa namsomea. Nikamwambia hivyo usoni. Hakukasirika. Akasema Mungu atatengeneza njia. Dada, hakuna neno linalonichoma kama hilo, maana mara nyingi nimeona njia ikitengenezwa, na mwenye jembe ni mie.

Ikawa miezi minne ya wito asubuhi, wito mchana. Nikisema tutaliacha vipi bati tulilojinyima kulinunua, wito. Nikisema watoto shule, wito. Akaenda mpaka kwa balozi wetu wa nyumba kumi, akaandikisha majina yetu kama watu wanaofikiria kwenda kijijini kwa hiari, na balozi kwenye mkutano hakusema kufikiria, alisema wanakwenda. Tukapigiwa makofi. Nilikaa pale na khanga yangu mdomoni, watu wananipongeza kwa jambo ambalo sikulikubali.

Mwanzoni mwa mwezi huu wa pili nikamwambia Alfonsi liishe, ama hili ama lile. Na hapo kosa ni langu, nakiri, kwa sababu wiki hiyo hiyo nilikuwa nimemsomea habari za Gideoni, namna alivyomwomba Mungu ishara kwa ngozi ya kondoo, iwe na umande au iwe kavu. Likamkaa. Kesho yake akaenda porini upande wa Kisarawe, akarudi na gogo la mpingo begani, urefu wa mkono wa mtu mzima. Akaliweka chini ya benchi lake na kuniambia kwamba anaanza novena ya Roho Mtakatifu. Siku ya tisa atalipasua gogo lile katikati. Likiwa zima mpaka moyoni, tunabaki Manzese na neno wito halitajwi tena. Likiwa na pango ndani, tunakwenda Kigamboni.

Wewe hukuishi na wachongaji, kwa hiyo nikueleze. Mpingo kwa nje wote ni mmoja. Unaweza kulibeba gogo maili kumi, ukaliotesha jua, ukalipiga tezo, na ndani ukakuta limeoza moyo, tundu linapitisha ngumi. Hakuna ajuaye mpaka lipasuke. Alfonsi hakuchagua vibaya, kama ni kumwachia Mungu. Ila sikuwa tayari kumwachia Mungu nyumba yangu.

Siku ya nane, Jumamosi, Alfonsi alikwenda kuungama. Nikamwita Mwishehe alisikilize lile gogo. Akaligonga kwa kisigino cha tezo, akatega sikio, akatikisa kichwa kama mganga. Akasema linalia kama ngoma, hili lina pango la kulala chatu. Nikamwuliza kama ana jingine la kimo hicho lililo zima. Akasema analo uani, anaapa kwa kaburi la babu yake, zima kama yai. Basi dada, mdogo wako aliyefundwa na masista, saa tisa alasiri, jua linawaka, mie na Chausiku tukalifunga gogo la Alfonsi kwa khanga tukalipeleka kwa Mwishehe, tukalichukua la Mwishehe tukalileta kwetu. Mpingo ni mzito, shingo iliniuma siku tatu. Njiani tukakutana na mke wa balozi akauliza mmebeba nini, nikasema kuni. Akanitazama sana. Nani anapikia mpingo?

Jumapili baada ya misa Alfonsi akavua shati, akalitoa gogo chini ya benchi. Akalishika kitambo, akalizungusha, akanitazama. Mie najitia kuchagua mchele. Akafanya ishara ya msalaba, akaweka kabari, akapiga nyundo mara nne. Likapasuka.

Pango, dada! Pango kutoka huku mpaka huku, na vumbi la mchwa likamwagika miguuni pake. Mwishehe aliyekuwa amesimama karibu akiingoja furaha yake akakumbuka kwamba ana shughuli kwao. Alfonsi akapiga magoti, nami nikaangusha ungo. Watu wakadhani nimeguswa na Roho Mtakatifu.

Nikaokota ungo na mchele. Nilijipa moyo kwamba hata gogo la kwanza lilikuwa bovu vilevile, Mwishehe si alilisikia likilia kama ngoma, kwa hiyo Mungu ameshinda kwa njia zote mbili, potelea mbali. Nikaanza kufunga vyombo. Nilifunga kwa kubamiza, kila sufuria ikajua nina hasira.

Wiki iliyofuata, Alhamisi, nikaenda kwa Chausiku kudai kinu changu. Namkuta Mwishehe uani ana gogo miguuni, amelipasua na kulichonga nusu, anapiga mluzi. Gogo la Alfonsi. Jeusi tupu, zima, halina hata ufa wa kuingiza unywele, mpaka moyoni. Na unajua alikuwa anachonga nini? Shetani! Shetani wa masikio matatu. Nikamwuliza mbona ulisema lina pango. Akakuna kichwa, akasema siku ile alikuwa na mafua, masikio yalikuwa yameziba. Fundi wa miaka ishirini, dada, kakosea magogo mawili kwa siku moja, na mafua ndiyo kisingizio. Ningekuwa na mwiko mkononi ningemchapa mbele ya mkewe, naye Chausiku angenishikia.

Umenielewa jambo lililonipata? Mungu alijibu tubaki. Jibu lilikuwa limelala chini ya benchi, jeusi, zima, kama nilivyotaka mie. Mikono yangu ndiyo iliyolibeba kwenda kulitupa kwa jirani, ikaleta pango nyumbani. Sikulala siku mbili. Nilimkasirikia Mwishehe, nikamkasirikia Alfonsi, nikamkasirikia Gideoni na ngozi yake, nikamkasirikia Mungu, na mwisho nikabaki na mtu mmoja ambaye sikuwa nimemkasirikia bado, na huyo ndiye mwenye hatia.

Jumamosi nikamwambia Alfonsi yote. Alikuwa anapaka mafuta patasi zake kabla ya kuzifunga. Mficha uchi hazai. Nilisema kuanzia Mwishehe na tezo yake mpaka shetani wa masikio matatu. Nilitegemea akasirike walau mara moja tangu tuoane. Akaendelea kupaka mafuta. Akasema alijua.

Alijua! Akaniambia lile gogo alilibeba begani kutoka Kisarawe, na bega lake halisahau uzito. Tena gogo alilolikuta siku ya tisa lilikuwa na mavi ya kuku, na sie hatufugi kuku. Alielewa papo hapo kwamba nimebadilisha, na kwamba nimebadilisha ili tubaki. Akasema pale alipolishika aliamua moyoni kwamba basi, ikiwa nimefika hatua ya kubeba mpingo kichwani mchana kweupe, atalipasua, atalikuta zima, atakwenda kwa Padri kusema hapana, na hatanisumbua tena. Alipoona pango ndipo alipopiga magoti.

Nikamwambia hakuna haja ya magoti sasa, gogo halisi lilikuwa zima, Mungu hakumwita, twende kwa balozi tukafute majina. Hapo akaweka patasi chini. Akaniambia, huku ananitazama kwa yale macho uliyoyasifu, kwamba hakuwahi kumwuliza Mungu habari zake yeye. Mwezi wa kumi Padri Adelard hakumwita kumtaka awe mwalimu. Nani amtake mwalimu asiyesoma? Alimwita kumwomba ruhusa. Aliyetakiwa ni mie.

Dada, nilikaa chini palepale kwenye magunia. Akasema Padri aliniona siku ile aliposimama mlangoni, niko na wale wanawake kumi na mmoja. Alinitafuta mara mbili mwenyewe nikamkimbia na vitumbua, ndipo akapitia kwa mume. Na Alfonsi akakumbuka sharti langu la siku ya harusi, akaogopa. Akaona heri aseme anaitwa yeye, twende, nikifika nikawaona watu hawana wa kuwafundisha, hasira zangu zitafanya zilizobaki. Hivyo ndivyo alivyosema, hasira zangu. Miezi minne nimemzomea kwa kusoma kwake, nimemcheka mbele ya watoto, naye kanyamaza, aibu kaibeba yeye.

Nikainuka, nikamfuata Padri siku ileile bila kubadilisha hata khanga. Nilimfokea, nakuambia kweli, nilimfokea padri wa Mungu uani kwake. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia mwenyewe. Akasema alijaribu, vitumbua vikamshinda. Nikamweleza habari za magogo. Alicheka mpaka akavua miwani, halafu akaacha kucheka na akatukaripia, mie na Alfonsi aliyekuwa amenifuata nyuma. Akasema huko ni kumpigia Mungu ramli, na kwamba Mungu hajibu kwa kuoza kwa mti. Magogo yote mawili tuyasahau, zima na bovu. Akaniambia nikitaka ishara nitazame sakafu yangu: watu wazima kumi na mmoja, miezi minane, hakuna aliyewalazimisha, wanakuja kufokewa na wanarudi kesho yake. Halafu akasema niko huru. Nikikataa, hatanitajia tena na ataandika kwa balozi mwenyewe. Anataka jibu Jumapili hii.

Nilijibu kwamba mie sina wito, niliujaribu nikiwa na miaka kumi na saba ukanishinda. Padri akaniuliza ulinishinda, au niliukimbia. Akasema hata Yona hakupanda merikebu kwa sababu hakusikia. Alisikia vizuri sana. Nikaondoka bila kuaga.

Na sasa dada yangu, lile ambalo barua hii yote inalizunguka. Sikutoka utawani kwa ugonjwa wa kifua. Kifua changu kilikuwa kizima kama hilo gogo. Wewe ulimwapia Mama Mkuu wa wakati ule kwamba nilikohoa damu, kwa sababu mie nilikuambia nimekohoa damu, na ukafunga siku kumi na mbili kwa ajili yangu. Ilikuwa damu ya fizi. Nilijitoboa na sindano.

Ukweli ni huu. Nilikuja huko kwa sababu nilisikia kabisa, tangu mdogo, kwamba kazi yangu ni kufundisha watu kusoma neno la Mungu. Nilinunua ubao, nilinunua vitabu. Mwaka mzima nikawekwa kufua na kupukuchua mahindi. Nilipouliza lini nitafundisha nikaambiwa mwenye kiburi hafundishi. Labda ilikuwa kweli, labda walikuwa wananipima tu, nilikuwa mtoto mwenye mdomo. Lakini nilikasirika. Siku niliyoondoka nilisimama langoni nikamwambia Mungu asiniite tena, nami sitamsumbua. Miaka kumi na minne nilidhani ametii. Niliwaambia wote kwamba sikusikia kitu. Nilisikia, dada. Nilisikia na nikaogopa kwamba nikisema nilisikia, mtanirudisha kwenye mahindi.

Unisamehe zile siku kumi na mbili za kufunga. Unisamehe na uongo uliousema kwa ajili yangu bila kujua ni uongo. Kwa Mama Mkuu wa wakati ule umechelewa, amekwisha tangulia mbele ya haki, lakini ukipita kaburini kwake mwambie Yustina alikuwa na kifua kizima.

Usidhani nimekuwa mpole. Bado nimekasirika. Nimekasirika kwa bati langu, kwa kisima ambacho sijui maji yake yana chumvi kiasi gani, kwa mbu wa ng'ambo, kwa watu wawili, mume na padri, waliokaa na jambo langu miezi minne kama kuku anaatamia. Jana wale wanawake walipokuja saa kumi niliwaambia kwa hasira kwamba baada ya wiki tatu nahama, wajifunze haraka, na kwamba Chausiku ndiye atakayeshika mkeka. Chausiku akalia. Halafu akafuta machozi kwa mkono wenye mkaa, akaanza kuwafokea wenzake waliokuwa wanacheka, kwa maneno yangu yaleyale. Nikatoka nje nikasimama nyuma ya jiko mpaka nikapata nguvu ya kurudi.

Alfonsi anasema kule atachonga mipini ya majembe, watu wa kijiji wanavunja mipini kila siku, na jioni atamchonga Bikira Maria. Nimemwambia amchonge bila chale. Amesema ataona.

Sasa lile sanduku. Msilichome. Kile kitambaa cheupe cha kichwa, kama panya wamebakiza kitu, mpe mkandidati yeyote mwenye mdomo, maana yupo, kila mwaka hakosekani, na umwambie avumilie mahindi zaidi kidogo kuliko nilivyovumilia mie. Ule ubao mweusi, vile vitabu vitatu vya kuanzia kusoma, na katekisimu yangu yenye maandishi ya penseli pembeni, vifunge vizuri unitumie kwa mtu yeyote anayepanda basi kuja huku kabla ya Jumapili ya Matawi, aache kwa Padri Adelard. Na juu ya kifurushi, dada, usiandike jina la Alfonsi kama ulivyozoea. Andika langu.

Nisalimie masista wote, wanaonikumbuka na wasionikumbuka, na mama yetu ukimwona mwambie watoto wanakua na nitamwandikia mwenyewe nikishatulia. Alfonsi anakuamkia. Wewe niombee, ila usinifungie tena siku kumi na mbili, moja inatosha.

Ni mie mdogo wako mwenye kifua kizima,

Yustina